Pale Bibi Yako Alipokuwa Akinyamaza

Thuraiya mwanangu,

Mmeondoka sasa hivi wewe na baba yako kwenda kuwaaga jamaa zetu wa Wattaya, na najua hamtarudi kabla ya magharibi, maana kule hawamwachi mtu mpaka ale mara mbili. Basi nna saa mbili, pengine tatu. Nimekaa kwenye meza ya kulia chakula, nimeinuka kuzima kiyoyozi, nimekaa, nimeinuka tena kukiwasha, na chai yangu imeshapoa sijaigusa. Nakuandikia kwa sababu kusema kumenishinda, na wewe unajua mama yako si mtu wa kushindwa na kusema.

Sitakuandikia mambo ya koti na soksi. Hayo baba yako ameshakuorodheshea, na tangu Jumamosi analipima sanduku lako kwenye mizani ya chooni kama mnunuzi wa karafuu. Wala sitakuandikia habari za sala na chakula, hayo nimekwambia tangu hujaota meno. Nna jambo moja tu. Ni ile karatasi niliyoichana.

Najua hujaisahau. Wiki tatu sasa hatuitaji. Tunazungumza sanduku, pasi, viza, nani atakupokea, kana kwamba mimi ni karani wa safari na wewe ni abiria. Ulikuwa unatafuta picha za pasi kwenye droo ya chini ya kabati langu, ukatoka mbio na karatasi mkononi, uso unameremeta. "Mama! Hukunambia kama ulishawahi kupanga wimbo! Si huu ule wimbo wa Bibi? Nauchukua, nitauonyesha kule chuoni." Na mimi nikakunyang'anya, nikaichana mbele ya macho yako vipande vinne, nikakwambia, "Takataka hizo." Ukanitizama. Ukasema polepole, "Kumbe hutaki niende." Ukaingia chumbani kwako ukafunga mlango.

Sasa nisikilize. Si kweli kama sitaki uende. Ndugu za baba yako walipokuja juu, "Kwaya? Mtoto wa Kiislamu akasomee kwaya? Si mambo ya kanisani hayo?" nani aliyewajibu? Niliwaambia ni nyimbo za Waingereza wa zamani, za wakulima na mabaharia na wasichana walioachwa na wachumba, watu wamezipanga kwa sauti nne ziimbwe pamoja, na kama hilo ni kosa basi na sisi tufunge midomo harusini. Wakanywa kahawa zao. Kwa hiyo usipande ndege na dhana hiyo. Niliichana karatasi ile kwa aibu yangu mwenyewe, aibu ya zamani, ya kabla hujazaliwa.

Unajua kwamba nilisoma Uingereza, lakini sijapata kukuhadithia nilivyoingia kwaya. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimepelekwa kusomea kazi ya maabara, kwenye mji wa kaskazini wenye nyumba za mawe meusi na mvua nyembamba ambayo hainyeshi wala haiachi. Chumba changu hita yake mbovu. Jioni moja napita mbele ya ukumbi, mlango uko wazi, na joto linatoka mpaka njiani. Wallahi, Thuraiya, nilifuata joto, sikufuata muziki. Nikaingia nikakaa nyuma kabisa, najifanya nangojea mtu. Mwalimu wao, mwanamke mrefu mwenye penseli kwenye nywele, hakuniuliza natoka wapi. Aliniuliza, "Sauti ya kwanza au ya pili?" Mimi sijui hata moja. Nikasema ya pili, maana niliona wa pili hatizamwi sana.

Wakaimba. Wimbo wenyewe mdogo, wa msichana anayeteremka mtoni asubuhi kumtafuta mpenzi wake asimwone. Ungeweza kuuimba huku unasuuza vyombo. Mtu mmoja akauanza peke yake, kisha sauti nyengine zikaingia chini yake na juu yake, na mimi nikiwa na koti langu lililolowa sikujua nilie au nikimbie. Yule msichana aliyekuwa peke yake mtoni, sasa watu arubaini wamesimama naye. Hilo ndilo lililonikamata. Wewe ulipoanza kuimba na wale watu wa kwaya ya Azaiba, ukarudi siku ya kwanza huwezi kula, nilikutizama nikajua umekamatwa pale pale nilipokamatwa mimi. Sikukwambia. Nilikwambia ule, chakula kinapoa.

Sauti ya pili hatupewi wimbo. Wimbo wanao wa kwanza. Sisi tunapewa nota moja ukurasa mzima, mmm, mmm, kama mtu aliyeambiwa ashike ngazi mwenzake apande. Mwezi wa kwanza nilinuna. Nilifikiri wananionea kwa ugeni wangu. Mwezi wa tatu nikaja kuona kwamba nikiiacha nota yangu, aliye juu anayumba, na mwalimu anajua ni mimi. Wewe una sauti nzuri kuliko yangu, na umezoea kupewa wimbo wenyewe. Siku watakayokuweka katikati, usinune kama mama yako.

Jirani yangu kwenye viti alikuwa Bi Edna. Mwanamke wa miaka sabini na kitu, alifanya kazi kiwanda cha nguo maisha yake yote, na mfukoni hakukosa peremende. Alinipa moja kila mazoezi, kama dawa. Siku moja tunajifunza wimbo wa mkulima na jembe lake, na kila ubeti ukimalizika sisi wa pili tunashikilia mmm ndefu mpaka ubeti mwengine uanze. Bi Edna akaniinamia. "Hapa, kwa babu yangu, tulikuwa hatuimbi," akanambia. "Hapa palikuwa kimya. Watu wanagonga meza, wanataja kwa sauti jina la yule aliyechelewa kufika, kila mtu anacheka, ndipo babu anaendelea. Huyu aliyeupanga kadhani mzee kasahau. Kapaziba." Kisha akaweka kidole juu ya karatasi. "Na tizama. Wimbo wa jadi. Halafu jina la aliyeupanga, herufi kubwa. Babu yangu yuko wapi hapa?"

Nikacheka, mwanangu. Niliona bibi huyu anapenda soga. Nikapokea peremende yangu nikaendelea na mmm.

(Nimeinuka kutizama dirishani. Nilidhani ni nyinyi, kumbe gari la jirani.)

Mwaka wa pili mwalimu akasema kila mtu alete wimbo wa kwao, na anayeweza aupange mwenyewe. Nilikuwa nimeshajifunza nota kidogo, kidogo ya kumtia mtu kiburi. Nikaukumbuka wimbo wa mama yangu, bibi yako, aliokuwa akiuimba jikoni katika nyumba yetu ya mwanzo hapa Maskati. Nilikuwa na miaka sita tulipofika kutoka Unguja, na ninachokumbuka zaidi katika nyumba ile ni mgongo wake, kakaa chini na sinia, anachambua mchele na anaimba. Ni wimbo wa kumtoa mwana nyumbani, biharusi anapochukuliwa. Una mistari minne tu:

*Mwanangu wenda na nani?*
*Mkekani mwako alale nani?*
*Chungu kikiiva nimwite nani?*
*Mlango ukigongwa niseme nani?*

Akiimba mstari mmoja, ananyamaza. Mkono unaendelea na mchele, mdomo umefungwa. Kisha mstari wa pili, ananyamaza tena. Sikuwahi kumwuliza kwa nini. Mtoto haulizi hayo, na mkubwa anaona anajua. Mimi nilidhani anavuta pumzi, au anatafuta mstari unaofuata. Wimbo mzima ni maswali, Thuraiya, na mimi msomi wa kupelekwa na serikali sikujiuliza hata moja.

Nikaupanga. Nilikaa nao mwezi mzima. Zile nafasi za kimya zikinikera, naona aibu kuwapelekea Waingereza wimbo wenye matundu. Nikaziziba zote nne kwa mmm ya sauti ya pili na ya tatu, nzuri kweli, laini, husikii hata kiungo. Na juu ya karatasi nikaandika: Wimbo wa jadi wa Zanzibar, mtungaji hajulikani. Chini yake: Umepangwa na, kisha jina langu, la baba yangu na la babu yangu, kwa herufi kubwa. Kweli mama yangu hakuutunga. Lakini niliupata kwake, alikuwa hai, anachambua mchele wake, na jina lake sikuliweka popote.

Kwaya wakauimba ukumbini. Watu wakapiga makofi, mwalimu akafuta machozi kwa mkono wenye penseli. Bi Edna aliimba vizuri, kisha akanitizama. Peremende alinipa. Wakaurikodi kwenye kaseti, na nilipokuja likizo ndicho kitu cha kwanza nilichokitoa mkobani, kabla ya zawadi za watu.

Sebule imejaa siku hiyo. Wanawake wote wamekuja kunitizama, na Mama mdogo Zuwena, mdogo wake bibi yako, kakaa karibu na redio. Nikaweka kaseti. Bibi yako alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. Mimi namtizama uso, nangoja. Akasema, "Mzuri. Wa nani huu?"

Wakacheka. Nikamwambia, "Mama, si wako!"

"Wangu una nafasi," akasema.

Na mimi, mbele ya wageni wake, nyumbani kwake, nikamjibu, "Zile zilikuwa makosa, Mama. Nimezirekebisha."

Akanitizama kidogo. "Ahsante," akasema. Akainuka kwenda kutizama chungu.

Sikumsikia tena akiimba wimbo ule. Si jikoni, si harusini, si kwenye harusi yangu mwenyewe. Nikijipa maneno: anaona haya kwa vile wangu mzuri zaidi; au kachoka; au ndiyo uzee. Baadaye nikaacha hata kujipa maneno. Nikaitia karatasi kwenye droo ya chini na kila tulipohama nyumba nikahama nayo, siitupi wala siisomi. Bibi yako akafariki wewe una miaka minne, hukuwahi kuusikia kwake. Uliusikia kwangu, nikikubembeleza, na mimi nilikuimbia ule nilioujaza.

Sasa nikwambie ya jana. Nilikwambia nakwenda kwa fundi wa abaya. Nilikudanganya, nisamehe. Nilikwenda Mabela kwa Bibi yako Zuwena.

Toka Idi ya mwaka juzi sijakanyaga kwake, na hata hiyo nilikwenda na watu wengi nikakaa mbali. Alikuwepo sebuleni siku ile, na kila nikimwona nasikia ile "ahsante". Basi Mabela nikapotea. Nyumba zote mpya, zote rangi ya mchanga, kila njia ina kifusi, na simu inanambia nigeuke kulia ndani ya ukuta wa mtu. Mara tatu nikataka kurudi. Mara ya tatu nilishageuza gari, kisha nikakumbuka mlango wako ulivyofungwa, nikageuza tena.

Akanipokea kwa maneno yake. "Leo mvua itanyesha! Ama kuna aliyekufa?"

"Hajafa mtu, Mama mdogo. Thuraiya anasafiri kesho kutwa."

"Nshasikia. Anakwenda kuimba. Bora yeye, anajua anachokwendea." Akanimiminia kahawa. "Na wewe umekujia nini? Maana kuniona mie huji."

Nikamwambia nimekuja kuuliza wimbo. Hakuniuliza upi. Aliweka tasbihi yake juu ya mto. Kisha akasema, "Umechelewa, lakini si sana. Uliza."

"Zile nafasi zilikuwa za nani?"

"Zetu! Za nani mwengine?" Akanitizama kama anamtizama mtoto wa chuoni asiyejua alifu. "Mama yako akiuliza, sisi wanawake wenziwe twajibu. Kila mmoja na lake. Mkekani mwako alale nani? Mmoja anasema, paka! Mwengine anasema, mumewe siku akifukuzwa! Mie nlipotolewa nlikuwa na kuku wangu nampenda, basi chungu kikiiva nimwite nani, wote wakapiga kelele, kuku wa Zuwena, naye ndiye yumo chunguni! Nlikuwa nalia, nkacheka mpaka wanja ukaniteremka. Ndiyo kazi ya wimbo ule."

"Kwa hiyo majibu hayana maneno yake? Hayakuandikwa?"

"Yaandikwe vipi, na hatujui nani atakuja?"

Nikamwuliza, na jikoni je, alipokuwa peke yake? Sauti yake ikashuka. "Peke yake wapi. Mmoja wetu kaangukia Dubai, mmoja Mombasa, mmoja kabaki Unguja, mie niko Matrah na watoto wananilia miguuni. Mama yako akituwekea nafasi zetu. Nlimkuta siku moja, nkamjibu toka mlangoni, akashtuka akamwaga mchele wote."

Nilidhani yamekwisha. Nikaanza kutafuta viatu vyangu. Akasema, "Kaa. La kwanza hujauliza."

Kwa sababu nafasi ya kwanza, Thuraiya, si ya wanawake. Ni ya mwana mwenyewe anayeondoka. Akiulizwa *wenda na nani*, lazima ajibu yeye kwa mdomo wake, chochote, hata upuuzi. Akishajibu, wimbo unavuka mstari wa pili na wengine wanaingia. Asipojibu, anaulizwa tena. Ndiyo desturi ilivyokuwa.

Mwanangu. Unaikumbuka ile hadithi yangu ya siku niliyoondoka kwenda Uingereza? Nimekuhadithia mara ngapi, na sote tumecheka, jinsi bibi yako alivyosimama mlangoni na chetezo cha udi, akaimba *Mwanangu wenda na nani*, akanyamaza, akaimba hilo hilo tena, akanyamaza, akaimba mara ya tatu, na mimi nikatizama saa nikasema, "Mama, tutachelewa," nikambusu kichwani nikakimbilia gari. Masikini Bibi, nikikwambia, majonzi yalimsahaulisha mistari myengine. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikihadithia. Hakusahau kitu. Alikuwa ananingojea.

Bibi yako Zuwena aliniona uso wangu lakini hakunionea huruma, na alifanya vyema. Akanambia kwamba mwaka wa mwisho, bibi yako yuko kitandani, walikuwa wakiuimba wao wawili mlango umefungwa. "Namjibu wa pili, namjibu wa tatu, namjibu wa nne, twacheka. Wa kwanza hanipi. Nikifungua mdomo ananizuia kwa mkono. Hiyo si yako, Zuwena, ananambia. Hiyo ina mwenyewe."

Na mwenyewe, mwanangu, alikuwa kazini Ruwi anapima damu za watu. Nikija jioni kumwona namwuliza kama kameza dawa.

Nililia garini kando ya njia ya Mabela mpaka bwana mmoja akaja kugonga kioo kuuliza kama gari limeniharibikia. Nikamwambia la, ni mimi. Akanipa chupa ya maji.

Basi. Sasa unajua kwa nini niliichana. Nilipoiona mkononi mwako, na wewe umefurahi, niliona utaipeleka kule mbele ya walimu wako, na ule mdomo wa mama yangu niliouziba utazibwa tena, mara hii na mjukuu wake, kwa kunipenda mimi. Ningeweza kukueleza. Dakika tano tu ningekueleza. Lakini kwetu sisi kuchana ni kwepesi kuliko kusema nilikosa, na mimi katika hilo nimebobea.

Vipande vyote vinne nilivitoa kwenye kapu la taka usiku ule ule. Leo asubuhi nimevigandisha kwa selotepu. Zile mmm zote nimezipaka wino mweupe, kwa hiyo karatasi imejaa madoa kama ukuta wa nyumba iliyopigwa chokaa na fundi mlevi, lakini nafasi ziko wazi. Pale palipoandikwa *mtungaji hajulikani* nimekata mstari nikaandika: Ameniimbia mama yangu, Asya binti Khalfan, jikoni, Maskati. Jina langu nimelipunguza. Ichukue. Wapangie Waingereza wako, na kwenye nafasi waache wajibu wenyewe, kwa Kiingereza chao, na upuuzi wao. Nani kawakataza? Na ukiwekwa mbele ya nyimbo zao, zile za jembe na za mtoni, mtafute Bi Edna. Kila kwaya ina wake, yule mwenye peremende. Kaa karibu naye, na akikuinamia sikioni usicheke.

Naogopa, Thuraiya. Nna haki ya kuogopa, mimi ni mama. Siogopi baridi wala chakula wala hao wanaosema utabadilika. Kubadilika utabadilika, ndiyo maana unakwenda. Naogopa utajifunza vizuri mno. Utarudi siku moja na sikio jipya, unisikie naimba jikoni, uone penye tundu. Ukinirekebisha mbele za wageni, nitakwambia ahsante. Nataka tu ujue maana ya ahsante hiyo.

Adhana inaadhiniwa. Mtakuwa mnaondoka Wattaya sasa, baba yako anahangaika na foleni, na mimi nimeandika mwandiko unapanda unashuka kama wa daktari. Sikiliza la mwisho. Barua hii naiweka juu ya mto wako, na karatasi ndani yake. Isome leo, usiingoje ndege. Usije chumbani kwangu tukalizana, nitakufukuza. Kesho baada ya sala ya alfajiri Bibi yako Zuwena anakuja, mwanawe atamleta. Kasema hata kama hawezi kukunja goti atasimama. Baba yako atalitia sanduku garini, atalitoa, atalipima, atalitia tena. Mimi nitakuwa mlangoni na chetezo, na nitakuuliza, kwa sauti hii hii mbovu ya pili, *Mwanangu wenda na nani?*

Kisha nitanyamaza.

Nijibu lolote. Sema, "Na sanduku la Baba." Sema, "Na paka." Kama bado una hasira, sema, "Na hasira zangu," nitalipokea, nalo ni jibu. Usiponijibu nitauliza tena, na tena. Baba yako atapiga honi. Mwache apige. Mama yangu aliniuliza mara tatu mimi nikatizama saa. Mimi sina saa, nimeshaivua, iko hapa juu ya meza karibu na chai.

Mama yako